Suti ya Mgomba

Miaka ile, ukifika Nyabiyonza siku ya harusi, ungedhani umekosea njia ukatokea Marekani ya zamani. Bwana harusi, mshenga, hata mjomba aliyekuja kula tu na kuondoka, wote walivaa koti la kola pana, kizibao chenye vifungo vilivyokaribiana, na suruali iliyopanda hadi juu ya kitovu, yenye marinda mbele na pindo la kugeuzwa chini. Dunia nzima ilikuwa kwenye bugaluu. Nyabiyonza ilivaa kama babu zake, ingawa babu zake hawakuwahi kuvaa hivyo. Lawama yote ilikuwa ya Theoneste, fundi cherehani, na Theoneste naye aliisukumia kwa mtu asiyemjua.

Mtu huyo alikuwa kwenye jalada la santuri. Abdulatifu, mwenye duka ambaye Theoneste alishonea barazani kwake, aliinunua santuri ile Bukoba akidhani ni taarabu. Babu yake alitoka Pangani, na taarabu kwake ilikuwa jambo la ukoo. Alipoizungusha kwenye gramafoni yake ya mkono, akatoka mtu mmoja na gitaa lake, peke yake, anaomboleza kwa Kiingereza. Abdulatifu alinuna wiki nzima. Kisha akaizoea, na mwishowe akawa hawezi kufungua duka bila hiyo.

"Muziki huu unaitwa bluzi, fundi," alisema. "Ni wa watu waliobaki peke yao."

Jalada alilitundika ukutani: Mmarekani mweusi amekaa kwenye kiti cha mbao, kofia imeinama upande, gitaa pajani, na suti imemkaa utadhani alizaliwa nayo. Theoneste hakujua Kiingereza, lakini mshono aliujua. Alilitazama jalada mpaka akajua bega limekatwaje na kola imelazwaje, hata pale ambapo mpiga picha hakupaonyesha. Halafu akaanza kuwavalisha watu.

Kuna jambo ambalo halikuwa kwenye jalada, la kwake mwenyewe. Mafundi wengine hukata kitambaa kwa ubahili, mabaki wakashonea kofia za watoto. Theoneste aliacha akiba nene ndani ya kila mshono, akaikunja, akaishikiza kwa mkono, sindano ikirudi nyuma nusu hatua kabla ya kwenda mbele. Kwa nje huoni kitu. Mvaaji akinenepa, koti linafunguliwa kidogo. Akifa, linafunguliwa kwa ajili ya mwanawe. Theoneste alisema nguo isiyoweza kumsubiri mtu si nguo. Mshono ule wa kurudi nyuma hakumfundisha mtu yeyote isipokuwa Melkiory, mtoto wake wa pekee, aliyemlea mwenyewe chini ya meza ya kukatia tangu mama yake, Mukabera, alipofariki mtoto akiwa bado anaogopa jogoo.

Mwaka wa sabini na nane, kabla vita vya Uganda havijaanza, Theoneste alinunua kipande cha sufu ya kijivu, kizito, chenye mstari mwembamba unaoonekana tu ukikiinamisha kwenye mwanga. Alikikunja akakiweka sandukuni na majani ya mwarobaini. Kilikuwa cha harusi ya Melkiory, na Melkiory wakati huo alikuwa bado anabadilisha meno. Vita vikaja, vikaisha, na nguo zikatoweka madukani. Watu walivaa viraka juu ya viraka, wengine magunia. Wakubwa walikuja na magari yao wakitaka ile sufu, wakabembeleza, wakatisha. Theoneste aliwaambia imeliwa na panya.

Mwaka wa tisini vijana ambao wazazi wao, kama Theoneste, walitoka ng'ambo ya mto walianza kuvuka kwenda kupigania nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Melkiory akawa mmoja wao. Baba yake hakumzuia. Aliogopa akimzuia ataondoka amekasirika. Alimshonea koti la kahawia la kitambaa kigumu, akaliwekea akiba, akamvika mwenyewe pale barazani. Melkiory alikuwa na bega moja lililoteremka kidogo, la kushoto, na fundi mwingine yeyote angeliacha hivyo likaonekana kasoro.

"Baba, usije ukamshonea mtu kile cha kijivu," alisema Melkiory.

"Kitakusubiri."

Basi, akaondoka na wenzake.

Mwaka ukapita, na mwingine. Abdulatifu alifariki. Seif, mwanawe, akarithi duka, akatoa majora ya vitambaa, akaingiza mitumba. Asubuhi alifungua robota, watu wakalirukia, na jioni Nyabiyonza nzima ikatembea na mashati yaliyoandikwa majina ya timu za ng'ambo. Seif hakuwa kijana mbaya. Alimwachia Theoneste pembe yake ya baraza bila kumdai kodi, akampa kazi ya kupunguza suruali za Wazungu ziwaenee watu. Na Mama Seif, bi Mwaja, alimpelekea Theoneste gramafoni ya marehemu pamoja na santuri, kwa kuwa mwanawe alitaka kuitupa.

Ilimkera, kazi ile ya kupunguza. Nguo zenyewe zilikatwa kwa ubahili, hazina akiba, ukizifungua hukuti kitu. Lakini kilichomtesa zaidi kilikuwa jioni. Alirudi kwenye kibanja chake cha migomba, akafungua mlango aliofunga mwenyewe asubuhi, akakuta kila kitu pale pale alipokiacha. Hakuna kinachochosha mtu kama kukuta kila kitu pale alipokiacha. Aliweka santuri, akakaa. Yule Mmarekani alilalamika kwa lugha yake, Theoneste akamwitikia kwa Kinyarwanda, na hivyo ndivyo walivyozungumza.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na nne. Mto ukaleta maiti, na watu waliokimbia wakajaa kila kilima. Theoneste alikwenda kwa wageni wale, siku baada ya siku, akiuliza habari za kijana mwenye koti la kahawia. Hakuna aliyemjua. Mmoja akasema kundi la vijana waliovuka kutoka huku liliisha lote zamani sana, mwanzoni kabisa mwa vita. Wengine walimwonea huruma wakasema labda. Lile labda aliliishi mwaka mzima.

Aliyeliondoa lile labda ni Gaspari, mdogo wake. Alikuja na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, akammiminia kaka yake kwanza, dalili kwamba alikuwa na maneno mazito.

"Kaka, Adelgunda amechumbiwa," alisema. "Wakwe wamekubali kila kitu. Lakini wamesema hawawezi kuchukua binti kwenye ukoo ambao una matanga hayajaanuliwa. Nao wana haki. Hata sisi tungekataa."

"Matanga ya nani?"

Gaspari hakutaka kutaja jina. Alizungusha kibuyu mkononi.

"Tumzikie mgomba, kaka."

Watu wa kwetu wanalijua jambo hili. Mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavikwa nguo zake, ukalazwa kaburini, watu wakalia, wakanyoa, wakaanua matanga. Padre hapendi, ndiyo maana haambiwi, na katekista siku hiyo huwa ana safari. Ila lina masharti yake. Aliyezikiwa mgomba hana njia ya kurudi. Akikanyaga kibanja cha baba yake, kaburi lile litadai mtu wa kweli, nalo halimchukui mwingine ila yule aliyeamuru lichimbwe. Wala atakayekwenda kula naye sahani moja hawezi kurudi kulala nyumbani. Kwa hiyo watu hawakimbilii kulichimba.

Theoneste alikataa. Gaspari akarudi. Akakataa tena. Mwisho alikuja Adelgunda mwenyewe, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, baba mkubwa," kisha akatazama chini. Hakumlilia wala kumshurutisha. Theoneste alimwona binti mwenye haki ya kuanza maisha yake, na yeye, mzee, ameshika mlango.

"Mwambie baba yako akate mgomba," alisema. "Mavazi niachieni mimi."

Angeweza kuuvalisha shati kuukuu la Melkiory. Kila mtu alitegemea hivyo. Badala yake alifungua sanduku, akatoa sufu ya kijivu, akaikung'uta majani ya mwarobaini, akaitandaza barazani mchana kweupe. Seif alizima redio yake. Theoneste alishika mkasi akasimama nao kitambo. Kitambaa kile kilikuwa ndicho imani yake yote iliyobaki. Kikiwa kizima, Melkiory alikuwa na nafasi ya kuingia wakati wowote na kusema, haya, nipime. Alikata huku machozi yakimdondoka juu ya chaki, na hakujali nani anaona.

Hakuupima mgomba kwa futi. Aliushonea mwili aliokuwa nao kichwani. Kola pana, vifungo vitatu, marinda, pindo. Alilishusha bega la kushoto kidogo. Gaspari alikuja kutazama kazi, akakuta kaka yake ameinama na sindano, anashikiza akiba ndani ya mshono wa ubavu.

"Akiba tena?" alisema. "Kaka, mgomba utanenepa?"

Alitaka kumchekesha. Theoneste aliendelea kushona.

Siku ya mazishi mgomba ukaleta taabu zake. Kwanza hauna mabega. Koti lilining'inia tu. Theoneste alijaza majani makavu ya migomba ndani, akayagongagonga kwa kiganja mpaka bega likasimama. Pili utomvu. Mtu yeyote aliyekulia kwenye migomba anajua kwamba utomvu ukishika nguo ndiyo basi. Kwa hiyo kabla ya kuuvika aliuzungushia shuka, kwa makini, asichafue suti inayokwenda kufukiwa. Waombolezaji waliinama wasicheke, halafu wakaona uso wake, wakainama kwa sababu nyingine. Mgomba ukashushwa umevaa vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzikwa Nyabiyonza.

Adelgunda akaolewa. Wakanyoa, wakanywa, matanga yakaanuliwa. Watu walimwambia Theoneste kwamba sasa ataona nafuu, na kweli alitegemea kuiona. Haikuja. Zamani alikuwa mpweke anayesubiri. Sasa alikuwa mpweke basi. Hata santuri hakuiweka tena. Aliona hana cha kumjibu yule bwana.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa tisini na sita, kahawa inaanikwa kwenye mikeka kila uwanja, Laurensia alipokuja barazani. Alikuwa mwanamke wa hapo hapo Nyabiyonza, mchuuzi wa maharage, aliyezunguka masoko hadi Kimuli na Murongo. Alibeba kifurushi kifuani, si kichwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ni ya kupunguza?"

Laurensia alimwomba Seif apunguze redio, kisha akakifungua kifurushi juu ya meza ya cherehani. Lilikuwa koti la kahawia.

Theoneste alifanya kile ambacho mikono yake ilifanya kwa kila koti, akaligeuza ndani nje. Mishono ya ubavuni ilikuwa imefunguliwa na akiba imetolewa yote. Aliyelivaa alikuwa ametanuka kifua, amekuwa mtu mzima. Kisha mshono ulirudishwa kwa mkono, sindano ikirudi nyuma nusu hatua kabla ya kwenda mbele. Uzi ulikuwa mpya. Chini ya kwapa la kulia kitambaa kilikuwa kimelika kabisa na kuwekwa kiraka cha ngozi, pale panaposuguliwa na mkongojo. Alikipapasa kiraka kile.

"Mguu gani?" aliuliza.

"Wa kulia, baba. Umekatwa chini ya goti."

"Yuko wapi?"

Laurensia alikaa chini sakafuni, akamweleza. Alikuwa amepanga maharage yake gulioni Kimuli mtu mwenye mkongojo aliposimama mbele yake, akamwita kwa jina. Alipoinua macho alimwaga debe zima. Laurensia alikuwa amekula chakula cha matanga ya mtu huyo. Melkiory alicheka mwanzoni, akadhani ameshtushwa na mguu. Alieleza kwamba aliumia mwanzoni mwa vita, akakaa hospitali Uganda muda mrefu, kisha akakaa muda mrefu zaidi kwa aibu, hataki baba yake amwone anarudi nusu. Salamu alizotuma kwa mdomo ziliishia njiani. Siku hizi anashona, ana cherehani yake mjini ng'ambo ya Murongo, na wateja wanamfuata. Sasa alikuwa njiani kuja nyumbani. Kesho yake alitegemea kufika.

"Nikamwambia, baba," alisema Laurensia. "Ningefanyaje? Nikamwambia, 'Tulikuzika.'"

"Akasemaje?"

"Aliuliza tulimvalisha nini. Nikamwambia suti ya kijivu, ya mstari mwembamba. Basi akakaa juu ya gunia langu mpaka soko likaanza kufungwa. Halafu akasema, 'Kama alikikata kile, basi alinizika kweli. Siwezi kuingia pale nikamuua baba yangu.' Akavua koti. Akasema nikuletee, ujue kwamba yuko hai, na usimfikirie vibaya kwa kutokuja. Nikamwona anashuka kwenda mtoni, kuvuka kurudi alikotoka."

Seif alikuwa amezima redio kabisa. Laurensia alianza kulia, akaomba msamaha, na Theoneste akamwambia hana kosa, akamshukuru kwa kubeba kifurushi kile njia yote ile. Alisema kwa sauti ya kawaida. Lakini alikuwa anafikiria mtu mwenye mguu mmoja, aliyepanda vilima vyote vile hadi Kimuli, kisha akageuka kwa sababu ya ufundi wa baba yake. Angeuvalisha mgomba shati kuukuu, pengine mwanawe angesema hawa walikuwa wanatimiza desturi tu, akaja. Suti ndiyo iliyomshawishi. Theoneste aliona aibu na uchungu, na chini yake furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Alimkuta Gaspari uwanjani anageuza kahawa. Gaspari alisikiliza, akaacha reki ikaanguka, akakaa kwenye ukingo wa mkeka.

"Tulifukue," alisema Theoneste.

"Kaburi likifukuliwa linabaki wazi, kaka. Wazi ni vibaya zaidi. Unalijua hilo."

Theoneste hakuwa na hakika kama aliamini. Ujana wake wote aliyaita mambo hayo ya wazee. Lakini Melkiory aliamini, amekulia hapa, na angekufa ng'ambo kwa njaa kabla ya kumletea baba yake mauti. Asingekuja. Hata wangefukua kilima kizima, asingekuja.

"Basi nitakwenda mimi," alisema.

"Ukamwone? Utakula naye?"

"Nitakula naye."

Gaspari alimtazama kaka yake. Walikuja nchi hii watoto, wameshikana mikono, na tangu hapo hawakuwahi kuishi mbali zaidi ya wito wa sauti. Alijua maana ya kula naye. Machozi yalimlenga akayaficha kwa kuokota reki.

"Mimi ndiye niliyekusukuma," alisema.

"Ulikuwa na binti wa kuoza. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo."

Asubuhi yake Theoneste alikifungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, akakizungushia blanketi, akakifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Alichukua mkasi, pasi ya mkaa, na lile koti la kahawia. Seif alimsaidia kukaza kamba, akaahidi kwamba pembe ile ya baraza hatampa mtu. Theoneste akamwambia ampe, baraza si kaburi.

Gaspari alimsindikiza hadi mwisho wa migomba, ambapo njia inaanza kuteremka kuelekea Kimuli. Hapo ndugu wale walisimama.

"Watu wataniuliza nini cha kufanya juu yako," alisema Gaspari.

"Waambie wakate mgomba mwingine. Ngojeni tu mmalize kuanika kahawa kwanza, msije mkapoteza jua."

"Na tutauvalisha nini, kaka?"

Theoneste alifikiri, mkono mmoja juu ya cherehani yake ili isiyumbe.

"Mtumba wowote," alisema. "Asije mtu akaamini."